JIKO LA MAFUTA NA UPEPO WA MLIMANI

Kila mwaka likizo ikikaribia, wenzetu wa Skauti huanza kukagua shanta zao na kuulizana habari za Mlima Elgon. Husemwa mengi juu ya viatu, mablanketi na njia ya kupandia. Lakini jiko halitajwi ila siku ya mwisho, kana kwamba kuliwasha ni kazi ya yeyote aliye na kibiriti. Hapa shuleni jambo hilo ni kweli, maana jiko huwashwa ndani ya stoo, penye kuta nne. Mlimani sivyo. Huko upepo huvuma mchana na usiku, vidole hufa ganzi kwa baridi, na mafuta ni yale tu yaliyobebwa mgongoni. Jiko lisipowaka, watu hulala bila chai wala chakula, na nguo zao zimelowa. Tena mtu aliyeshindwa na upepo hupata wazo moja baya: huliingiza jiko hemani na kufunga mlango. Wazo hilo limeua watu.

Basi naona ni vema tuelezane namna ya kuwasha jiko penye upepo. Sitaandika maagizo matupu, kwa sababu maagizo yaliyokaririwa husahauliwa upesi mikono inapotetemeka. Nitaanza na jiko lenyewe na jinsi linavyofanya kazi. Mtu akijua kwa nini jiko lakataa kuwaka, atajua la kufanya hata kama yuko peke yake gizani.

Kwa nini jiko, si kuni?

Wapo wanaouliza, “Wazee wetu walipika kwa mafiga matatu, ya nini kubeba jiko na chupa ya mafuta?” Jawabu ni kwamba mzee aliyepika kwa mafiga alikuwa kijijini, penye miti. Mwenye kupanda Elgon huiacha migomba na mashamba ya kahawa, hupita msitu, kisha hupita mianzi, na mwisho hutokea mahali penye nyasi ngumu na vichaka vya baridi. Kilele cha Wagagai, ambacho ndicho kirefu kupita vyote mlimani humo, kina urefu wa meta 4,321. Mimea ya huko juu hukua polepole sana kwa ajili ya baridi. Kichaka kilichovunjwa kwa ajili ya chai ya jioni moja hakirudi kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, Kilimanjaro kukata kuni kumepigwa marufuku, na watu hupika kwa mafuta au gesi. Hata bila sheria, kuni za mlimani huwa zimelowa ukungu, nazo hutoa moshi mwingi na moto kidogo.

Jiko lilivyo

Jiko la shaba la pampu, ambalo watu wengi huliita Primus hata likiwa limetoka kiwanda kingine, lilibuniwa mwaka 1892 huko Stockholm, Uswidi, na Frans Wilhelm Lindqvist. Halikukawia kufika mbali. Fridtjof Nansen na Hjalmar Johansen walilichukua mwaka 1895 walipoiacha merikebu yao katika barafu ili kuitafuta Ncha ya Kaskazini. Roald Amundsen naye alilitumia katika safari yake ya Ncha ya Kusini, ambako alifika tarehe 14 Desemba 1911. Na asubuhi ya tarehe 29 Mei 1953, katika hema lililokuwa juu sana mlimani Everest, Edmund Hillary alikuta viatu vyake vimeganda vikawa vigumu kama mawe; akavilainisha juu ya moto wa Primus, ndipo yeye na Tenzing Norgay wakatoka kukiendea kilele. Leo wapanda milima wengi hutumia gesi, lakini jiko la mafuta ya taa lina faida moja kubwa kwetu: mafuta yake hupatikana katika duka la kijiji.

Ukilitazama jiko hili utaona halina utambi. Chini kuna tangi la mafuta lenye pampu ubavuni na skrubu ndogo ya kufungulia hewa. Kutoka tangini hupanda bomba mpaka kwenye kichwa cha jiko, na katikati ya kichwa kuna kitundu chembamba sana, ambacho huzibuliwa kwa sindano. Chini ya kichwa, kulizunguka bomba, kuna kisahani cha kutilia spiriti.

Sasa jambo la kushika ni hili: mafuta ya taa hayawaki vizuri yakiwa majimaji. Sharti kwanza yageuke kuwa mvuke. Katika taa ya kawaida utambi ndio ufanyao kazi hiyo, maana hunyonya mafuta kidogo kidogo, na joto la mwali huyageuza mvuke. Katika jiko la pampu kazi hiyo hufanywa na kichwa chenyewe. Kikiwa cha moto sana, mafuta yanayosukumwa na hewa ya pampu hufika humo, hugeuka mvuke, hutoka kwa nguvu katika kile kitundu, huvuta hewa pembeni, kisha huwaka kwa mwali wa buluu unaonguruma. Na huo mwali nao hukitia joto kichwa kisipoe. Kwa hiyo jiko likisha kuwaka hujitunza lenyewe. Taabu iko mwanzoni, kabla kichwa hakijapata joto. Ndiyo maana tunatumia spiriti: yenyewe huwaka hata ikiwa baridi, na kazi yake ni kukitia kichwa joto la kuanzia.

Upepo wafanya nini?

Watu wengi hudhani kwamba kosa la upepo ni kuzima moto. Hilo ni kosa lake dogo, kwani moto uliozimika huonekana na kuwashwa tena. Kosa lake kubwa ni wizi. Upepo huiba joto, na mwizi huyu haonekani.

Tazama jinsi anavyoiba. Mara ya kwanza ni wakati wa spiriti. Mwali wa spiriti ni mwepesi, na mchana hauonekani sana. Upepo ukiupiga, huinama upande mmoja na kuacha kukigusa kichwa. Spiriti yote huungua, lakini joto limekwenda porini. Mwenye jiko huona spiriti imekwisha, hudhani kazi imetimia, hupiga pampu. Mafuta hupanda yakiwa baridi, hutoka kitunduni kama maji, na yakishika moto huwaka kwa mwali mrefu wa manjano wenye moshi mweusi. Hapo ndipo nyusi na mikono ya sweta huungua.

Mara ya pili ni jiko linapokuwa limekwisha kuwaka. Upepo hukipoza kichwa, mvuke hupungua, mwali hudhoofika, na mara nyingine hugeuka manjano.

Mara ya tatu ni kwenye sufuria. Hewa ya moto ambayo ilipaswa kupanda kandokando ya sufuria hupeperushwa kabla haijaligusa bati. Moto unaonekana unawaka, mafuta yanakwisha, na maji hayachemki. Mambo haya tuliyajaribu sisi wenyewe nyuma ya bweni jioni moja yenye upepo, kwa jiko moja, sufuria moja na maji ya kiasi kile kile. Penye kinga maji yalichemka tukiwa bado tunapanga vikombe. Pasipo kinga yalifuka tu, hayakuchemka hata tulipochoka kungoja. Kumbukeni ya kwamba upepo wa nyuma ya bweni si kitu mbele ya ule wa mlimani.

Basi kazi yote ya kuwasha jiko penye upepo ni kumzuia mwizi huyu asiibe joto, hasa katika zile dakika chache za spiriti.

Kukagua jiko kabla ya safari

Jiko bovu halitengenezwi mlimani. Likague nyumbani siku mbili kabla ya kuondoka, uliwashe, uchemshe maji. Tazama ile ngozi ndogo iliyo mwisho wa fimbo ya pampu. Ikikauka hunywea, na pampu haisukumi hewa. Itie tone la mafuta na uitanue kwa vidole. Chuja mafuta kwa kitambaa safi, kwa sababu chembe moja ya uchafu yatosha kuziba kitundu. Chukua sindano mbili za kuzibulia, maana moja ikipotea nyasini haionekani tena.

Vizibo navyo si jambo dogo. Kapteni Robert Scott na wenzake walipokuwa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912, walikuta mafuta katika makopo waliyoyaweka akiba njiani yamepungua. Ngozi za vizibo zilikuwa zimeharibika kwa baridi, na mafuta yakapotea polepole. Mahali pale hapana maji ila theluji, na theluji hainyweki isipoyeyushwa kwa moto. Hayo hayakuwa msiba wao pekee, kwani walikuwa na njaa, baridi na tufani pia. Lakini upungufu wa mafuta uliwaongezea udhaifu. Watatu wa mwisho walifia hemani mwezi wa Machi, umbali wa kilometa 20 hivi kutoka kwenye akiba yao kubwa. Amundsen yeye alikuwa ametia risasi makopo yake ya mafuta yasivuje. Kwa hiyo, msomaji, pindua chupa yako ya mafuta kichwa chini usiku mmoja kabla ya kuitia shantani, na asubuhi utajua kama kizibo chake ni cha kweli.

Jambo jingine: usitie petroli katika jiko la mafuta ya taa, hata kidogo, hata kama mafuta yamekwisha. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka ikiwa baridi, na jiko lile halikutengenezwa kwa ajili yake. Atiaye petroli ametengeneza bomu.

Kuchagua mahali

Mkifika kambini, kabla ya kufungua shanta, mmoja wenu atafute mahali pa jiko. Nyuma ya jiwe kubwa ni pazuri, lakini usiamini jiwe upesi. Upepo ukipita juu ya jiwe au kando yake huzunguka nyuma kama maji ya mto yazungukavyo nguzo ya daraja, na mara nyingine mahali unapopaona pametulia ndipo panapovuma huku na huku. Jaribu kwanza: shika nyuzi chache za nyasi kavu, uziachie karibu na ardhi pale utakapoweka jiko. Zikianguka wima, mahali ni pazuri. Zikizunguka, sogea. Usijaribu penye kimo cha kichwa chako, kwa sababu jiko haliko huko, na upepo wa chini si sawa na wa juu.

Katika njia ipandayo kutoka Budadiri liko Pango la Mude, lililo kwenye meta 3,500 hivi, na wasafiri wengi hupiga kambi hapo. Mahali kama hapo jiwe la asili limekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Pasipo na pango wala jiwe, jengeni ukuta mdogo wa mawe yaliyolala ovyo, wenye umbo la mwezi mchanga, mgongo wake uelekee upepo. Mkiondoka, rudisheni mawe yalipokuwa.

Weka jiko juu ya jiwe bapa au kipande cha ubao kilichofunikwa bati, lisitikisike wala lisizame. Fungua macho yako, utazame nyasi zilizo karibu. Nyasi za mlimani zikikauka hushika moto kama karatasi. Mwezi wa Oktoba 2020 moto mkubwa uliunguza Kilimanjaro kwa siku nyingi, na habari za kwanza zilizotolewa na wakuu wa hifadhi zilisema ulianza mahali wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Chungu kimoja cha chakula, na moto ukaenea mlimani! Kwa hiyo sufuria yenye maji na iwe karibu kabla njiti ya kwanza haijawashwa.

Kinga ya upepo

Kinga iliyo bora kwa jiko la mafuta ni kipande cha bati kilichokatwa katika debe la mafuta ya kupikia. Kikate kiwe kirefu kupita sufuria kwa vidole viwili au vitatu, kisha kikunje mara nne kiingie shantani. Kunja pembe zake zisikate mikono. Kikisimamishwa, kilizunguke jiko kwa sehemu tatu katika nne, na mlango wake uwe upande usio na upepo. Chini acha nafasi kidogo ili hewa iingie, maana moto nao huvuta pumzi. Kiegemeze mawe kisianguke.

Usilizungushie jiko bati lote likafungika kama kisima. Joto likikosa pa kutokea hushuka kwenye tangi, mafuta hupata moto, na nguvu ya hewa ndani huzidi. Gusa tangi mara kwa mara kwa mgongo wa vidole. Likiwa vuguvugu si neno. Likikuchoma, fungua skrubu ya hewa uzime jiko, kisha panua kinga.

Kuwasha

Sasa tuwashe. Tia mafuta mpaka robo tatu ya tangi, usijaze, kwani hewa ya pampu yahitaji nafasi. Funga kizibo, futa mafuta yaliyomwagika, uiweke chupa mbali, upande ule upepo utokako. Fungua skrubu ya hewa. Piga magoti, mgongo wako uelekee upepo, jiko likiwa mbele yako. Hivyo mwili wako huwa ukuta wa pili, na moto ukiruka, huruka kwenda mbali nawe. Uso usiwe juu ya jiko hata mara moja.

Jaza kisahani kwa spiriti. Kuwasha njiti penye upepo kuna ufundi wake: shika njiti mbili au tatu pamoja, zipige ndani ya kikombe cha viganja karibu kabisa na kisahani, uelekeze vichwa vyake chini ili moto upande kwenye mti. Kibiriti kikae ndani ya kopo lenye kifuniko, tena kiwe cha pili mfukoni mwa mtu mwingine. Kibiriti cha gesi huwa kizito katika baridi. Kiweke kifuani upate kukitumia.

Spiriti ikishika, sogeza kinga karibu, ungoje. Hapa ndipo subira inapohitajiwa. Nyumbani kisahani kimoja chatosha. Penye baridi na upepo tia viwili: cha kwanza kiungue chote, mwali uzimike kabisa na kisahani kipoe kidogo, ndipo utie cha pili. Usimimine spiriti kamwe juu ya mwali, hata kama waona umezimika, kwa sababu mwali wa spiriti hujificha kwenye mwanga wa mchana na waweza kupanda mpaka ndani ya chupa mkononi mwako. Pitisha jani kavu juu ya kisahani kwanza; lisiposhika, moto umekwisha.

Kisahani cha pili kinapokaribia kwisha, mwali ungali hai, funga skrubu ya hewa upige pampu mara mbili au tatu tu, polepole. Mvuke utatoka na kushikwa na mwali uliobaki. Ukisikia mngurumo na kuona buluu, ngoja kidogo, kisha ongeza pampu mpaka moto uwe na nguvu. Ukiona manjano, usiongeze pampu, maana hapo unaongeza mafuta baridi. Fungua skrubu mara moja. Nguvu itakwisha na moto utashuka. Acha jiko lipoe, futa mafuta, uanze tena na spiriti. Haraka haraka haina baraka, na methali hiyo ni kama ilitungwa mbele ya jiko la pampu.

Jiko likisha kunguruma, weka sufuria na kifuniko chake. Sufuria bila kifuniko ni sawa na nyumba bila paa: joto lote uliloliokoa chini hupotea juu.

Wenye majiko ya gesi

Wanafunzi wa zamani wenye kazi mjini huja na majiko madogo ya gesi yanayofungwa juu ya mtungi. Hayo hayahitaji spiriti wala pampu, lakini upepo huyaonea kuliko jiko la mafuta. Washa njiti kwanza, ndipo ufungue gesi kidogo. Ukifungua gesi kabla, hujikusanya ndani ya kinga kisha hulipuka usoni. Na kinga yake isizunguke mtungi. Ikae upande wa upepo tu, kwa sababu mtungi wa gesi ukipata moto mwingi hupasuka. Tena ujue kwamba gesi iitwayo butani hukataa kugeuka mvuke penye baridi ya digrii sifuri. Alfajiri mtungi uliolala nje waweza kuonekana mtupu, kumbe umejaa. Ulaze ndani ya blanketi lako.

Hatari ya hemani

Sasa nimefika kwenye neno lililonifanya niandike. Mvua inanyesha, upepo unavuma, watu wanatetemeka, na hema liko wazi. Mtu husema, “Tuliwashe humu ndani dakika kumi tu.” Tazama litakalotukia.

Moto ukila hewa ya kutosha hutoa mvuke wa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Ukikosa hewa ya kutosha hutoa hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikivutwa huingia katika damu na kushika mahali ambapo oksijeni ingeshika, tena hushika kwa nguvu kuliko oksijeni, hata damu ikizunguka haibebi uhai. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mtamu. Wapandao mlima hudhani ni uchovu au kimo cha mlima, maana dalili hufanana. Na mlimani hatari ni kubwa zaidi: kwenye kimo cha Wagagai nguvu ya hewa ni kama sehemu 6 tu katika 10 za ile ya pwani, kwa hiyo moto na mwanadamu wote wawili wamepungukiwa tangu mwanzo.

Mwaka 1934 Mmarekani Richard Byrd alikaa peke yake miezi kadhaa katika kibanda kilichofukiwa na theluji huko Antaktika, apate kupima hali ya hewa. Sumu hiyo hiyo, iliyotoka katika jiko lake na injini yake, nusura imwue. Wenzake walimfikia mwezi wa Agosti, akiwa amedhoofika sana. Naye alikuwa afisa mwenye maarifa mengi. Wala hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho, kwa kuwa sigiri ya makaa iliyoachwa ndani ya chumba kilichofungwa usiku wa baridi hutoa hewa ile ile.

Wanaopanda milima mikubwa kama Everest hulazimika kupika hemani, kwa sababu nje hakukaliki, nao hufanya hivyo kwa hatari na kwa kuacha njia ya hewa. Sisi hatuna lazima hiyo. Mvua ikiwa kali sana, pikeni chini ya turubai lililo wazi pande zote, au mlangoni mwa pango. Hayo yasipowezekana, kuleni mkate na karanga, mvae nguo kavu, mlale mkikumbatiana. Usiku mmoja bila chai haujaua mtu. Na mwenzenu akisema kichwa chauma karibu na jiko, mtoeni nje kwanza, maswali yatafuata.

Chakula kinachofaa

Niseme kidogo juu ya chungu, kwa kuwa chakula kisichofaa humaliza mafuta. Kadiri unavyopanda, maji huchemka yakiwa na joto pungufu, karibu digrii moja kwa kila meta 300. Pwani huchemka kwenye digrii 100. Karibu na kilele cha Wagagai ni kama 86. Kwa hiyo maharage hayaivi huko hata ukiyapikia mchana kutwa, wala kuongeza moto hakusaidii, kwani maji yakisha kuchemka hayapandi joto tena. Pikeni maharage nyumbani kwa siku ya kwanza, na kwa siku nyingine chukueni uji, mchele uliorowekwa, samaki wakavu, karanga na sukari.

Mwisho

Wenzangu, kundi likienda mlimani, mara nyingi kazi ya jiko hupewa yule mdogo kuliko wote, hali wakubwa wakijinyosha hemani. Nashauri ipewe mtu mwenye subira, awe mkubwa au mdogo, na mwingine amshikie kinga. Mkiwa na mtu kama huyo, na kipande cha bati la debe, na visahani viwili vya spiriti, upepo hautawashinda. Na siku utakapowashinda kweli, kubalini kushindwa nao huko nje. Jiko lisilowaka huwalaza njaa. Jiko liwakalo ndani ya hema lililofungwa huenda lisiwaache mwamke.

Mwanafunzi wa S. 6